Wapendwa, tunatumika pamoja lakini hatukai pamoja. Tulizungumze hili

MLETA MADA

Bwana Yesu asifiwe.

Kuna jambo linazimaliza nyumba nyingi za watu waliookoka taratibu, bila fumanizi, bila ugomvi wa kusikika kwa jirani. Watu wanapendana, wanaomba, wanatoa zaka, wanatumika madhabahuni. Ila hawakai pamoja. Na kwa kuwa hapo hakuna dhambi ya kunyooshewa kidole, hakuna anayekemea wala anayetubu. Mnakuja kushtuka watoto wameshaondoka nyumbani na mmebaki wawili msiojuana.

Nimekuwa mlezi wa kundi la wanandoa kanisani kwa muda sasa. Wakija kwangu napenda kumuuliza kila mmoja swali moja kuhusu mwenzake: "Kwa sasa mwenzako anaogopa nini?" Safari moja walikuja mume na mke, mume kiongozi wa sifa, mke yuko idara ya maombezi. Nikamuuliza mume. Akafikiri, akamgeukia mkewe, akasema, "Ada za watoto, nadhani." Mke hakujibu. Alikuwa ameinamisha kichwa anazungushazungusha pete kidoleni. Nikamwacha kwanza. Baada ya kimya kirefu akasema kwamba ameona uvimbe kwenye titi, ni miezi sasa, na hajamwambia mtu yeyote. Yule mume alilia pale pale. (Walikwenda hospitali, haikuwa saratani, na wameniruhusu kusimulia bila kuwataja.)

Nilipowauliza jioni zao zinakwendaje, nikagundua wanaongea sana tu. Gesi imeisha. Mtoto ana homa. Mazoezi ya kwaya saa ngapi. Ufunguo nimemwachia dada. Yote hayo ni maneno mema na ya lazima, ila ni maneno ya kuendesha nyumba. Nafasi ya mtu kusema "naogopa" haikuwepo, kwa sababu kila walipokutana walikutana juu ya shughuli fulani, na shughuli ikiisha kila mtu anakwenda kwenye shughuli nyingine. Nyingi zilikuwa za kanisani.

Sasa fungueni Marko 3:14. Tunalipenda sana lile neno la kutumwa kuhubiri, lakini tazameni kinachotangulia: "Akaweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri." Kuwa pamoja naye kumetajwa kwanza. Kuhubiri na kutoa pepo vinafuata. Bwana alikuwa na muda mfupi sana duniani na ulimwengu mzima wa kuokoa, na bado sehemu kubwa ya muda huo aliitumia kutembea njiani na watu kumi na wawili, kula nao, kulala nao chombo kimoja, kujibu maswali yao ambayo mengine yalikuwa ya kitoto kabisa.

Na matunda yake yalionekana. Matendo 4:13, Petro na Yohana wako mbele ya baraza, hawana elimu ya kujivunia, na wakuu wanastaajabu, "wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu." Hata ilipotafutwa nafasi ya Yuda kuzibwa, sifa iliyotakiwa katika Matendo 1:21 ilikuwa mtu aliyefuatana nao wakati wote Bwana Yesu alipokuwa "akiingia na kutoka kwetu". Mtu wa kuingia na kutoka naye. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao.

Halafu mpate na upande wa pili, 2 Samweli 14. Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, amemuua Amnoni ndugu yake, amekimbilia Geshuri miaka mitatu. Yoabu, jemadari wa Daudi, anahangaika mpaka Daudi anakubali arudishwe. Amerudi! Lakini mfalme anaagiza aende nyumbani kwake, asiuone uso wake. Mstari wa 28 unasema alikaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa mfalme. Baba na mwana, mji mmoja, miaka miwili. Absalomu anamwita Yoabu amsaidie, Yoabu haji. Anamwita mara ya pili, haji. Ndipo anawaambia watumishi wake walitie moto shamba la shayiri la Yoabu, na hapo Yoabu anakuja mbio.

Mimi nikisoma pale nawaona watoto wetu wengi. Mtoto anayefanya vurugu shuleni, anayeanza kuiba, anayemjibu mama yake vibaya mbele ya wageni, mara nyingine amewasha shayiri tu, kwa sababu alipoita kwa upole hakuna aliyekuja. Baadaye Daudi alimbusu Absalomu, ndiyo, mstari wa 33. Lakini busu moja mbele ya watu halikuzaa tena kile kilichokauka kwa miaka mitano, na sura inayofuata Absalomu yuko langoni anaiba mioyo ya Israeli. Sisemi uasi wake ulitokana na hilo peke yake, Absalomu alikuwa na kiburi chake na atajibu mwenyewe. Nasema tu Biblia imeona vema kutuandikia hiyo miaka miwili.

Mungu analichukulia jambo hili kwa uzito mpaka akaliwekea sheria. Kumbukumbu la Torati 24:5: mwanamume akioa mke mpya asiende vitani, wala asipewe shughuli yoyote, akae huru nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Fikirini taifa lililozungukwa na maadui, linahitaji kila mkuki, na Mungu anasema huyu mwacheni, ana kazi nyumbani. Siku hizi bwana harusi anamaliza fungate Jumamosi, Jumapili amepangiwa zamu.

Naomba michango yenu. Walio kwenye ndoa, wazazi, wachumba, watumishi, karibuni wote.

MCHANGIAJI 1

Amina mleta mada. Umegusa. Ila mimi nimefundishwa kwamba cha msingi ni ubora wa muda na siyo wingi wake. Mtu akiwa na kazi nyingi, akipata hata nafasi chache za maana na familia, akawatoa, wakafurahi, inatosha. Unasemaje?

MLETA MADA

Asante ndugu. Hilo nimelisikia sana na naelewa linakotoka, maana linampa nafuu mtu aliyebanwa. Lakini kwa nilivyoona, silikubali.

Mambo mazito hayaji yakiitwa. Huwezi kumkalisha binti yako wa miaka kumi na minne, ukamwambia "haya, nina nusu saa, niambie kinachokusumbua", akakwambia. Ataanza na mwalimu anayewaonea, atakuja kwenye rafiki yake aliyehama, atanyamaza, atacheka jambo fulani, na wakati mmeshaanza kuinuka ndipo atakapotupa ile sentensi aliyoibeba wiki nzima. Ukiwa umeondoka dakika tano kabla, umeikosa. Wala hukujua kwamba umeikosa.

Angalia Kumbukumbu la Torati 6:7. Musa anaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu kwa watoto "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hakuna tukio maalumu hata moja hapo. Kukaa, kutembea, kulala, kuamka. Mungu ameyaweka malezi ndani ya saa za kawaida kabisa, zile tunazoziona hazina kazi. Sasa kama kwenye kukaa haupo, njiani kila mtu ana visikizio masikioni, kulala umerudi wamelala na kuamka umeondoka hawajaamka, hayo maneno utayanena lini? Matembezi ya mara moja kwa mwaka ni mazuri, wapeleke, ila hayazibi hilo pengo.

Na mtazame Bwana mwenyewe njia ya Emau, Luka 24. Stadia sitini, karibu kilometa kumi na moja, ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu. Amefufuka siku ile ile! Kwa hesabu zetu alikuwa na ratiba ya kutisha. Anajiunga na watu wawili waliovunjika moyo, mmoja hata jina hatujaandikiwa, na anaanza kwa kuuliza wanazungumza nini. Kleopa anamshangaa, inakuwaje hujui yaliyotukia? Naye anauliza, "Mambo gani?" Aliyesulubiwa ni yeye! Anayajua kuliko wao. Lakini anawaacha wasimulie yote, mpaka na tumaini lao lililokufa, ndipo anafungua Maandiko. Na jioni wanamshika: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa." Akaingia akakaa. Macho yao yalifumbuka mezani. Mioyo ilikuwa imeshaanza kuwaka kule njiani, wakati wanatembea.

Sisi wazazi na viongozi tunataka kuanza na Maandiko bila ile "Mambo gani?" Ndiyo maana ibada nyingi za nyumbani watoto wanaziogopa. Baba hajaongea na mtoto tangu asubuhi, neno la kwanza ni "leteni Biblia", la pili ni kumsema mtoto kwa mgongo wa Neno. Ibada ya nyumbani ni njema sana, mimi mwenyewe naishikilia, lakini haiwezi kubeba peke yake kile ambacho siku nzima haikubeba.

MCHANGIAJI 2

Mtumishi nakuheshimu, ila naona hapa tunaelekea pabaya. Yesu alisema ampendaye baba au mama, mwana au binti kuliko mimi, hanistahili. Paulo akasema wenye wake na wawe kama hawana. Hizi ni siku za mwisho. Watu wanaangamia na sisi tunafundishana kukaa sebuleni? Watumishi waliotikisa mataifa hawakuwa na huo muda.

MLETA MADA

Ndugu yangu, nashukuru umesema wazi, maana wengi wanaliamini hili kimoyomoyo na hawalisemi.

Mathayo 10:37 nalipokea lote. Ikifika mahali familia inasema mkane Kristo, jibu ni moja. Lakini kumpenda Kristo kuliko mke hakujawahi kuwa ruhusa ya kumtelekeza mke. Paulo huyo huyo anayesema 1 Wakorintho 7:29, katika sura hiyo hiyo mstari wa 5 anawaambia wanandoa wasinyimane. Na hata wakitaka faragha ya kusali, wapatane kwanza, iwe kwa muda, kisha warudiane, Shetani asipate nafasi. Soma taratibu pale. Maombi yenyewe yamewekewa sharti la kupatana na mwenzako. Sasa kama maombi yana mpaka, kikao cha kamati ya ujenzi hakina?

Msome pia Musa, Kutoka 18. Musa alikuwa amemrudisha mkewe Sipora kwao. Yethro mkwewe anakuja jangwani, na amekuja na Sipora na wale wavulana wawili, Gershomu na Eliezeri. Wanasalimiana, wanakula mbele za Mungu. Kesho yake Yethro anamkuta Musa ameketi kuamua watu tangu asubuhi hata jioni. Maneno yake ni makali: jambo hili ufanyalo si jema, utachoka wewe na watu hawa walio pamoja nawe. Hoja ya Yethro ni uchovu wa Musa na wa watu, hayo ndiyo yaliyoandikwa na siongezi. Ila mimi siwezi kusoma sura ile bila kumwona babu amesimama, binti yake na wajukuu wamefika jana, na leo baba wa watoto anaonekana kwa mbali tu katikati ya foleni. Dawa aliyoitoa ni kugawa kazi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa makumi. Musa alisikia, akafanya yote aliyoambiwa. Huduma haikufa. Watu walianza kupata haki yao mapema zaidi.

Umesema watumishi waliotikisa mataifa. Basi tumzungumze John Wesley, yule mhubiri wa Uingereza wa karne ya 18, maana maisha yake yana pande zote mbili za mada hii.

Mama yake, Susanna Wesley wa Epworth, Uingereza, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wangali wachanga. Nyumba masikini, mume ana madeni, na nyumba yenyewe iliungua 1709. Mwaka 1712 alimwandikia mumewe akimweleza kwamba kila jioni anatenga muda wa kuzungumza na mtoto mmoja peke yake, kila mtoto na siku yake. Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, mpaka Jumamosi Charles, na Jumapili wawili wakubwa. Siku ya John ilikuwa Alhamisi. Yule mtoto alikuja kuwa mtu mzima, msomi wa Oxford, na akamwandikia mama yake akiomba amtengee tena katika maombi na mawazo yake ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni. Sielewi mtu anawezaje kusoma hilo akasema mama yule alipoteza muda wa Injili. Kwenye jioni zile walikuwemo John na Charles, na uamsho wa Wamethodisti ulitoka mikononi mwao.

Sasa upande wa pili. John huyo huyo alipooa mwaka 1751, aliandika mwezi uliofuata kwamba haelewi mhubiri wa Kimethodisti atamjibuje Mungu akihubiri mahubiri moja pungufu, au akisafiri siku moja pungufu, kwa sababu ya kuoa. Na alivyoandika ndivyo alivyoishi. Ndoa ile ilikuwa ya uchungu kwa wote wawili, mke aliondoka na kurudi mara kadhaa, mwisho akaondoka kabisa. Alipofariki mwaka 1781 mumewe hakuwepo, alipata habari baada ya mazishi. Mke naye alikuwa na makosa yake, wivu wake unajulikana, simtwishi mzigo wote Wesley. Nampenda sana mtumishi yule na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini alipokea Alhamisi kutoka kwa mama yake na hakuipitisha kwa mkewe. Mungu alilitikisa taifa lile kwa mkono wake, kweli. Hilo halifanyi upande ule uwe mfano wa kufuatwa.

MCHANGIAJI 3

Mimi ni mama, naomba nisaidiwe. Mume wangu anarudi nyumbani mapema, simlaumu kwa hilo. Anakaa sebuleni na sisi. Lakini yuko kwenye simu mpaka usiku. Nikiongea anaitikia "mm", nikimuuliza nimesema nini hajui. Nikilalamika anasema, "Si niko hapa?" Nimechoka kusema.

MLETA MADA

Pole sana dada yangu. Hilo linauma kuliko mume asiyekuwepo, kwa sababu aliyesafiri unamngoja, lakini aliyekaa mbele yako unamngojaje?

Kwanza nikuambie hisia yako si ya kitoto wala si wivu. Yohana mzee alikuwa na kalamu na wino, vyombo vya kuwasiliana vya wakati wake, na aliandika, 2 Yohana 12: anayo mengi ya kuandika lakini hataki kwa karatasi na wino, anatarajia kuja "na kusema nanyi mdomo kwa mdomo, ili furaha yetu iwe imetimizwa." Alijua kuna furaha ambayo barua haiifikishi mpaka watu waonane. Unachokililia ni hicho hicho.

Pili, jaribu hivi. Usimkamate akiwa kwenye simu, hapo utapata ukali tu. Tafuta saa ametulia, labda mnatembea au mnaandaa kitanda, na umwombe kitu kidogo chenye mpaka. Usiseme "acha simu". Sema, "Mume wangu, nakukosa. Naomba tukishakula, simu zetu zote mbili zikae chumbani mpaka watoto wakalale." Zote mbili, na yako iwe ya kwanza kupelekwa. Ombi lenye mwisho mtu analikubali kirahisi kuliko agizo la maisha.

Tatu, na hapa wengi wanaharibu: akikubali, usigeuze muda huo kuwa mahakama. Mtu akiweka simu chini jioni ya kwanza na akakutana na mashtaka ya miaka mitatu, jioni ya pili ataipata sababu ya kutoka. Mashtaka yana siku yake, na yana haki ya kusikilizwa, hata mbele ya mchungaji ikibidi. Jioni hizi za mwanzo ziache ziwe nyepesi. Muulize kuhusu mtu fulani kazini kwake. Mcheke. Ikiwezekana mfanye kitu kwa mikono pamoja, maana wanaume wengi wanaongea vizuri zaidi macho yakiwa kwenye kazi kuliko mkitazamana ana kwa ana.

Na usiache kumwombea. Akiendelea kukataa kwa miezi, usibaki peke yako, tafuta wazee wa kanisa wanaotunza siri.

MCHANGIAJI 4

Mimi kazi yangu iko mbali na familia. Narudi mara chache kwa mwaka. Kila nikisoma nyuzi za namna hii najisikia baba mbaya. Nifanyeje? Nikiacha kazi hawali.

MLETA MADA

Kaka, siwezi kukuhukumu, na Biblia haikuhukumu. Unawalisha watu wa nyumbani mwako, hilo ni agizo. Na yuko mtumishi aliyeishi hali inayofanana na yako. Paulo aliwaambia Wathesalonike ametengwa nao "kwa uso si kwa moyo" (1 Wathesalonike 2:17), kwamba alitaka kuja zaidi ya mara moja akazuiwa. Tazama alichofanya alipoona hawezi kuvumilia tena: alimtuma Timotheo akabaki Athene peke yake, na aliandika, na usiku na mchana aliomba apate kuwaona nyuso zao. Alitumia kila njia aliyokuwa nayo, lakini hakuwahi kusema njia hizo zinatosha.

Nakuomba ufanye vivyo hivyo. Piga simu kwa saa inayojulikana, watoto waijue na waingoje. Usizungumze na mama yao tu halafu "nisalimie watoto". Ongea na mmoja mmoja, kama yule mama wa Epworth. Uliza jambo lenye jina: ulisema mtihani wa hesabu ni jana, ulikuwaje? Ukikumbuka jina la rafiki yake, anajua alikuwa moyoni mwako ulipokata simu.

Na ukirudi likizo, kataa baadhi ya mialiko. Najua ndugu, kanisa, marafiki, wote wanakungoja. Siku za kwanza wape wa nyumbani, wengine watafuata. Halafu wewe na mkeo mlisimamishe swali hili mbele za Mungu kila mwaka: bado ni lazima tuishi mbali? Kuna watu walianza kwa lazima wakaendelea kwa mazoea, hata pale lazima ilipokwisha.

MCHANGIAJI 5

Shalom. Mimi ni mjane, watoto wameshaoa na kuolewa. Kila semina ni ndoa, ndoa. Jumapili nasalimiwa na watu mia, Jumatatu hadi Jumamosi sina mtu. Uzi huu una neno kwangu?

MLETA MADA

Shikamoo mama. Lipo, na nasikitika umelingoja mpaka hapa, maana lilipaswa kuwa juu kabisa.

Bwana Yesu hakuoa, na hakuna mtu aliyekaa na watu kama yeye. Wiki ile ya mwisho alikuwa akifundisha hekaluni mchana na kurudi Bethania kulala, alikokuwa na nyumba ya Martha, Mariamu na Lazaro. Hatusomi kwamba yupo mwenye mume au mke kati ya hao watatu. Palikuwa ni nyumba ya ndugu, na Mwana wa Mungu alipaona pa kupumzikia. Na Paulo akiwa kifungoni, karibu na mwisho wake, anamwandikia Timotheo ajitahidi kuja upesi, aje kabla ya wakati wa baridi, amletee na lile joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Mtume aliyeandika kwamba ayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu, bado alimtaka mtu mlangoni kwake.

Kwa hiyo hili nawaambia vijana na wanandoa wanaosoma: zile jioni mnazojitengea, baadhi zifungueni. Zaburi 68:6 inasema Mungu huwakalisha wapweke nyumbani. Nyumbani mwa nani, kama si mwenu? Msiende kwa mama mjane na ujumbe wa idara na picha ya kupiga. Nendeni mkae. Rafiki za Ayubu tunawasema sana kwa maneno yao, na ni haki, lakini kabla ya maneno walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyenena neno. Zile siku saba walikuwa rafiki wazuri kweli.

Nawe mama, niruhusu nikuombe kitu kama mwanao. Usingoje kanisa lijipange, tunachelewa. Mchague mama mmoja kijana mwenye watoto wadogo, umwambie siku fulani jioni nitakuja kukaa nawe ukipika na kufua. Hatakataa. Wanawake wale wanalia peke yao jikoni na hawana mtu mzima wa kuongea naye. Tito 2 inawataka wanawake wazee wawatie wadogo akili, na hakuna mahali pazuri pa kufanya hivyo kuliko hapo jikoni mkiwa na kazi mikononi.

MCHANGIAJI 2

Mtumishi, nimesoma tena Kutoka 18 usiku. Sitabadili yote niliyosema, bado naona kuna hatari ya watu kujificha nyuma ya familia wasitumike. Lakini nina zamu siku tano kwa wiki kanisani na mwanangu mkubwa haongei na mimi. Nianzie wapi?

MLETA MADA

Hatari hiyo ipo ndugu yangu, nami nakubali. Asiyetumika kabisa akasingizia familia, atajibu.

Anza na zamu moja. Mwendee mchungaji wako wiki hii, umwombe jioni moja aipate mtu mwingine, kijana ambaye pengine anangoja kupewa nafasi. Usimwambie mwanao kwamba umeacha zamu kwa ajili yake, utamtwisha deni. Jioni hiyo rudi tu nyumbani. Kama ana mpira, keti uutazame naye. Kama anatengeneza baiskeli, shika spana. Usimuulize kwa nini haongei. Atakuona wa ajabu mara ya kwanza, na ya pili, pengine atatoka chumbani akuache. Rudi wiki inayofuata, jioni ile ile.